Pezi la windisafingi: namna ya kulichagua na kulitunza, hasa kwa sisi wa maji mafupi

Watu wengi windisafingi, huu mchezo wa kusimama juu ya ubao wenye tanga, ikiwakatalia wanaangalia tanga. Upepo mdogo wananunua tanga kubwa zaidi, wanaingia majini, wanashushwa na upepo mpaka kijiji cha pili, wanarudi kwa miguu na ubao kichwani halafu wanasema tanga limechoka. Mara nyingi tatizo liko chini, kwenye lile pezi, kile kibawa kinachofungwa chini ya mkia wa ubao, lililokuja na ubao tangu siku ya kwanza na halijawahi kufunguliwa. Msimamo wangu uko wazi: kabla hujatoa hela ya tanga jipya badilisha pezi kwanza, hakuna kitu cha bei ile kinachobadilisha tabia ya ubao kiasi hicho, na kwa pwani yetu hii yenye maji mafupi na mwani pezi ndo linaloamua kama utarudi ulipotokea au la.

Tuanze na kazi yake. Tanga linakuvuta mbele na wakati huohuo linakusukuma kando, kwenda demani, upande upepo unakoelekea. Ubao wenyewe chini ni laini tu, hauna mkuku, hauna pa kung'ang'ania maji, kitu pekee kinachokataa kusukumwa ni pezi. Na halikatai kama ukuta, linafanya kazi kama bawa. Toa mkono nje ya dirisha la daladala lililoshika spidi, kiganja kikilala sawasawa hausikii kitu, inua kidogo tu ukingo wa mbele mkono unapanda wenyewe. Pezi ni hivyohivyo, ila limesimama wima, kwa hiyo badala ya kupanda juu linasukuma ubao joshini, kule upepo unakotoka. Ubao unapokimbia huwa umekaa mshazari kidogo sana, digrii chache tu, hata macho hayaoni, na ule mshazari ndo unaolipatia pezi nguvu.

Nguvu yenyewe inategemea eneo la pezi, ule mshazari, na spidi. Spidi ndo baba lao, kwa sababu ukiongeza spidi mara mbili nguvu ya pezi inakuwa mara nne. Hapa shika vizuri manake mengine yote yanatokea hapa: ukiwa polepole unahitaji pezi kubwa ili lipate cha kushikia, ila ukishakuwa mbio pezi lilelile linakuwa na nguvu kupita kiasi, linainua mkia, ukingo wa joshini unapanda, ubao unataka kupinduka na mguu wa nyuma unawaka moto kwa kuukandamiza. Kwa hiyo hakuna pezi zuri la kila siku, kuna pezi la upepo wa leo na tanga la leo na maji ya leo.

Urefu ndo kitu cha kwanza watu wanachouliza. Kwa mtu wa kilo 75 mpaka 80 hivi kwenye ubao wa kawaida wa kukimbia moja kwa moja, tanga la mita za mraba 7.5 linaenda na pezi la sentimita 42 mpaka 44, tanga la 6.5 pezi la 38 mpaka 40, tanga la 5.5 pezi la 32 mpaka 34. Ukiwa mzito ongeza sentimita mbili, mwepesi punguza mbili. Kwenye mawimbi ni hesabu nyingine kabisa, tanga la 4.7 na pezi moja la 21 au 23 linatosha, kwa sababu kule unataka kugeuka, hutaki kushikwa. Ila usiangalie tanga peke yake, angalia na upana wa ubao kule nyuma mkiani. Ubao mpana mkiani unahitaji pezi refu kwa sababu mguu wako uko mbali na mstari wa katikati na unalielemea pezi kwa nguvu zaidi. Ukiweka pezi fupi kwenye ubao mpana linazidiwa, na pezi refu kwenye ubao mwembamba linakushinda wewe.

Mifano ya mwisho kabisa pande zote mbili inasaidia kuelewa. RS:X, ubao uliotumika Olimpiki kuanzia Beijing 2008 mpaka Tokyo, ulikuwa na pezi la sentimita 66 kwa wanaume na 60 kwa wanawake, kwa sababu mashindano yale yalifanyika hata kwenye upepo kidogo sana na nusu ya mbio ni kupiga bisho kupanda joshini. Halafu nenda Lüderitz kule Namibia, kwenye mfereji uliochimbwa maalumu kwa ajili ya spidi, Antoine Albeau wa Ufaransa mwaka 2015 alipita mita 500 kwa wastani wa noti 53.27, karibu kilomita 99 kwa saa. Kwa spidi ile pezi ni fupi sana, na kwa vile mfereji unakimbiwa upande mmoja tu kuna wanaofunga pezi ambalo pande zake mbili hazilingani, limetengenezwa kusukuma upande mmoja peke yake. Sisi wa kwenda na kurudi pezi letu lazima pande zote ziwe sawa, maana lazima lifanye kazi ukienda na ukirudi.

Ila urefu sio kila kitu, na hapa ndo wengi wanapotea. Mapezi mawili yote ya sentimita 36 yanaweza kuwa na tabia tofauti kama mchana na usiku. La kwanza jembamba kama kisu, hilo linatoa nguvu nyingi bila kuvuta maji sana, linapanda joshini vizuri, lina spidi, ila ukilisukuma kabla halijashika mbio linakuachia ghafla bila taarifa. La pili pana kwenye kitako, pale linaposhikana na ubao, hilo linavuta maji kidogo zaidi, spidi ya juu hupati, lakini linakuvumilia, linaanza kushika mapema na likitaka kuachia unalisikia mguuni kabla. Kwa anayejifunza kuingia kwenye stirapu, zile kamba za ubaoni za kuingiza miguu, mi nampa pana siku zote.

Kulala kwa pezi nako kuna maana yake. Pezi lililosimama wima linatoa nguvu yote kwenda kando, zuri kwa bisho na kwa kuanza kuplani mapema, yaani ubao kupanda juu ya maji na kuteleza. Pezi lililolala kwenda nyuma linapoteza kidogo ya nguvu hiyo, ila linatuliza ubao kwenye maji ya chachachacha, yenye vimawimbi vidogovidogo, linageuka kirahisi zaidi, na la muhimu kuliko yote kwetu, majani yanateleza yanatoka.

Unene watu hawauangalii kabisa. Sehemu nene kabisa ya pezi huwa iko karibu theluthi moja kutoka ukingo wa mbele halafu linapungua mpaka ukingo wa nyuma. Pezi nene na lenye pua ya mviringo linavumilia makosa ya mguu na linashika mapema kwenye spidi ndogo, pezi jembamba lenye pua kali lina spidi lakini linataka mtu aliyetulia. Na kunyumbuka pia, ncha laini inapinda upepo ukivuma ghafla na kumwaga nguvu ya ziada, kwa hiyo ubao unakuwa mtulivu, wakati ncha ngumu inakupa kila kitu iwe unakitaka au hukitaki. Mapezi ya plastiki yale ya bei ya chini yanapinda vibaya, yanapinda mpaka yanapoteza umbo, ni ya shule tu. G10, zile sheti za faibaglasi zilizobanwa na kukatwa kwa mashine, ndo chaguo langu kwa watu wengi, ngumu, zinadumu, zinatengenezeka ukigonga mwamba. Kaboni ni nyepesi na nzuri sana ila ikigonga matumbawe moyo unauma.

Sasa tuje kwetu, manake maelezo mengi unayoyakuta yameandikwa na watu wa maziwa yenye kina. Pwani ya mashariki ya Unguja, Paje, Jambiani, Bwejuu, na sehemu nyingi za pwani ya Kenya, unakimbia ndani ya mwamba, kwenye maji ambayo bamvua kali yanapishana karibu mita 4 kati ya kujaa na kupwa. Upepo wa kaskazi mara nyingi ni wa wastani, unataka tanga kubwa, na tanga kubwa linataka pezi refu. Lakini maji hayana nafasi ya pezi refu. Huo ndo mgogoro wetu, na hautatuliwi na tanga, unatatuliwa na eneo la pezi. Ukipunguza urefu rudisha eneo kwenye upana. Pezi la 32 lenye kitako kipana linaweza kubeba tanga ambalo kitabu kinasema linataka 40, utapoteza kidogo kwenye bisho lakini utabaki unakimbia wakati wenzako wamesharudi ufukweni kusubiri maji. Kuna na yale mapezi ya umbo la pembetatu, mafupi kabisa, sentimita 20 hivi lakini mapana, yanafanya kazi kuliko unavyoweza kuyadhania ukiyaona, hasa kwa wanaojifunza kwenye maji ya mapajani. Hayapendi kugeuka kwa haraka, basi, hiyo ndo bei yake.

Kina unakipimaje? Simama majini. Pezi la 40 mpaka 44 mi naanza kukimbia maji yakiwa kiunoni, chini ya hapo hapana, kwa sababu ubao ukiacha kuplani unazama zaidi na pezi linashuka nao, na wewe ukiwa umesimama mkiani linashuka zaidi tena. Pezi likigonga mwamba ukiwa mbio, ubao unasimama papo hapo lakini wewe na tanga mnaendelea, unarushwa mbele umefungwa kwenye hanesi, ule mkanda wa mwilini unaokuunganisha na tanga, mlingoti unapiga pua ya ubao na pua inapasuka, na kama pezi ni gumu sana halivunjiki lenyewe, linang'oa boksi, lile tundu la ubaoni linalolishika. Kurekebisha boksi ni kazi kubwa kuliko bei ya mapezi matatu.

Mwani sasa. Kilimo cha mwani Zanzibar kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989 na mpaka leo wanaokifanya wengi ni kina mama, vijiti na kamba zimepangwa palepale kwenye maji mafupi tunapopenda kuchezea. Maji yakijaa huvioni. Kabla ya kuingia sehemu mpya tembea ufukweni maji yakiwa yamekupwa uone mashamba yanaanzia wapi na kuishia wapi, muulize mama yeyote aliyeko pale, Shikamoo mama, sisi tunapita wapi tusiguse kamba zako? atakuonyesha. Pezi likiingia kwenye kamba linakata na kuburuta kazi ya wiki nzima ya mtu, na hakuna pezi duniani lililotengenezwa kupita shambani, hata lile la majani halipiti. Zunguka.

Majani yanayoelea ni habari nyingine, hayo hayakwepeki, hasa kipindi cha kusi ambapo bahari inachafuka na kutupa majani mengi. Dalili yake ni ubao kupungua spidi taratibu kama kuna mtu ameshika mkia, tanga bado limejaa, upepo bado upo, halafu ghafla mkia unachomoka. Hapo ni kifurushi cha majani kimekaa mbele ya pezi. Kwa siku hizo funga pezi la majani, lile lililolala zaidi ya digrii 40, majani yanateleza mpaka kwenye ncha yanatoka. Na usiogope ufupi wake, kwa sababu limelala na kitako chake kipana eneo lake ni kubwa, pezi la majani la 28 mpaka 30 linakaa nafasi ya pezi la wima la 36 au 38. Kwa pwani yetu linakutatulia mawili kwa mpigo, majani na kina. Kama una hela ya kuongeza pezi moja tu mwaka huu basi liwe hilo.

Spinauti. Hili neno kila mtu analisema na wachache wanajua kinachotokea. Upande mmoja wa pezi presha ni ndogo, ule wa joshini, na ukilisukuma sana hewa inafyonzwa kutoka juu ya maji inashuka kando ya pezi, pezi linajikuta limevaa hewa upande mmoja badala ya maji, linaachia, mkia unakimbilia demani na ubao unaenda kiubavuubavu. Sababu kubwa ni mguu wa nyuma kusukuma kabla spidi haijafika, watu wakiingia tu kwenye stirapu wanakanyaga kwa nguvu zote wakitaka kupanda joshini. Acha ubao ukimbie kwanza, ning'inia kwenye hanesi uzito ushuke kwenye mlingoti, spidi ikija ndo uanze kubana taratibu. Ikishatokea usipigane nayo, punguza uzito mguu wa nyuma, vuta mkia urudi chini yako kwa mguu huohuo, shusha pua kidogo demani, pezi linashika tena. Ila kama mguu wako ni mtulivu na bado inatokea kila mara, angalia pezi: labda ni dogo, labda ukingo wa mbele una pengo, labda kuna mwanya kati ya kitako cha pezi na ubao unaoingiza hewa. Pengo dogo tu la ukubwa wa punje ya mchele kwenye ukingo wa mbele linatosha kabisa kuanzisha hewa.

Ndo maana kununua pezi lililotumika kunataka macho, na huku kwetu mengi tunayopata ni yaliyotumika, ya shule au ya wageni wanaoondoka. Lishike kitako kikiwa kwako, ncha ikielekea mbali, funga jicho moja utazame kama limenyooka, pezi lililojipinda halitengenezeki. Halafu pitisha kidole gumba taratibu ukingo wa mbele kuanzia kitakoni mpaka ncha, kidole kinasikia mabonde ambayo macho hayaoni. Inamisha ukingo wa nyuma kwenye mwanga wa jua, vimeno vidogovidogo vitatupa vivuli. Bana ncha upinde kidogo kushoto na kulia, lazima lipinde sawa pande zote, likipinda zaidi upande mmoja limechanika ndani. Mwisho angalia kitako pale linapoingia kwenye boksi, ufa wa nywele pale ni sababu ya kuliacha hata kama bei ni ya kutupa.

Na kabla ya hayo yote jua boksi la ubao wako, manake pezi zuri lisiloingia ni pambo la ukutani. Power Box inashikwa na bolti moja kutoka juu ya ubao, Tuttle na Deep Tuttle zina bolti mbili kutoka juu, US Box ni ule mfereji mrefu ambao pezi linaingizwa kutoka chini na skrubu na kibati, halafu kuna Slot Box na Mini Tuttle kwenye mbao nyingi za mawimbi. Pezi la Tuttle linaingia kwenye boksi la Deep Tuttle ila la Deep Tuttle haliingii kwenye Tuttle. US Box ina raha yake, unaweza kusogeza pezi: mbele ubao unageuka kirahisi, nyuma unatulia na kushika njia. Sogeza sentimita moja moja. Ukifunga bolti tumia bisibisi inayokaa vizuri kichwani, kaza mpaka ikatae halafu kidogo tu, usitumie mabavu, na kama pezi linacheza kwenye boksi zungushia kitako selotepu tabaka moja au mawili mpaka likae kwa kubanwa na mkono. Ukimaliza siku fungua, suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, bolti pia. Pezi lililoachwa kwenye boksi msimu mzima linaganda na mchanga na chumvi, siku unalitaka unalipiga nyundo.

Ukigonga mwamba usitupe. Pengo dogo lisafishe, likauke kabisa, jaza gundi ya epoksi ya mirija miwili, acha usiku kucha. Halafu msasa namba 400 ukiwa na maji, umeuviringishia kwenye kipande cha kibao ili usile bonde, mwendo wa mbele kwenda nyuma kufuata njia ya maji, malizia na namba 600. Lengo ni kurudisha mviringo uleule wa pua, usiifanye kali kama wembe ukidhani ndo itakata maji, pua kali inaachia mapema. Na kama pezi linaimba ukiwa mbio, ule mlio wa kuvuma unaosikika mpaka miguuni, tatizo mara nyingi ni ukingo wa nyuma umekuwa wa mviringo, pitisha msasa uuchonge uwe na kona safi, mshazari kidogo upande mmoja, mlio unakwisha.

Namna ya kupima pezi jipya ni rahisi na karibu hakuna anayeifanya. Ubao uleule, tanga lilelile, siku ileile, unabadilisha pezi tu. Chagua boti iliyotia nanga au mnazi mmoja ufukweni, toka hapo nenda mpaka karibu na mwamba urudi, bila kukazana, uone umerudi juu yake au chini yake. Funga la pili ufanye hivyohivyo. Linalokurudisha juu zaidi kwa mguu usiochoka ndo lako kwa upepo huo, hata kama kwa sentimita ni fupi kuliko mlivyobishana na wenzako. Angalia na dalili nyingine: mkia unainuka na ubao unatikisika kwenye upepo mkali, pezi kubwa, shuka sentimita mbili au nne. Unakimbia vizuri lakini kila ukirudi umeshuka demani na mkia unachomokachomoka, pezi dogo, panda.

Kwa mwenye ubao mmoja na matanga mawili, tuseme 7.0 na 5.5, anayecheza kati ya Jambiani na Diani, ningemfungia mfuko wenye pezi la G10 la 38 lenye kitako kipana kwa siku za maji makubwa yaliyojaa, na pezi la majani la 28 kwa kusi na kwa maji yanayopwa, pamoja na bisibisi, bolti za akiba na kipande cha msasa. Kabla ya kutoka nyumbani angalia ratiba ya maji, ukikuta yanapwa ndani ya saa mbili zijazo, funga la 28 hukohuko nyumbani.